Ukistaafu Jeshi na Kambi Ikakufuata Nyumbani

Wiki za kwanza huwa tamu. Unalala mchana, unakula kwa nafasi, ndugu wanapita kukupongeza. Hamu ya kambi huanza kuuma wageni wakishapungua, na humkuta hata yule ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akihesabu siku za kutoka. Haya ni maelekezo kwa askari na maofisa waliostaafu au kumaliza mkataba JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Waliotoka KDF, jeshi la Kenya, watakuta mengi yanawahusu pia.

Kosa la kwanza ni kuiona hamu hiyo kama kitu kimoja. Mtu anasema "nalikumbuka jeshi", kisha anatafuta dawa moja ya kuziba pengo lote: kazi ya ulinzi, baa, au kuigeuza nyumba yake kikosi. Jeshi lilikupa vitu vingi kwa mkupuo: ratiba, watu, mazoezi, cheo, na kazi ambayo hukuwa na haja ya kujiuliza ina faida gani. Kila kimoja kina mbadala wake, na mbadala wa kimoja hauzibi pengo la kingine. Aliyekosa watu hatapona kwa kukimbia peke yake alfajiri.

Anza na daftari, siku 7

Chukua daftari la shule, chora safu tatu: saa, nilikuwa nafanya nini, nilikosa nini. Hamu ikija, andika mstari mmoja papo hapo. Ukisubiri usiku utaandika hotuba. Fanya hivyo siku 7 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwamo.

Safu ya tatu iwe na kitu cha kushikika. "Jeshi" si jibu. "Foleni ya chai na wenzangu", "kujua kesho nitafanya nini", "kuripoti kazi imekwisha", hayo ndiyo majibu.

Siku ya 8 weka herufi mbele ya kila mstari: R kwa ratiba, W kwa watu, M kwa mwili, C kwa cheo, K kwa kazi. Herufi iliyojaa zaidi ndiyo ya kuanza nayo. Wengi huingia wakiamini tatizo lao ni R, daftari likatoka na W.

Tazama pia saa. Mistari ikijazana kati ya saa 11 alfajiri na saa 1 asubuhi, unakosa mchakamchaka na paredi. Ikijazana kuanzia saa 12 jioni, unakosa watu wa mesi, yaani bwalo la chakula, na wa hanga, yaani bweni la askari. Ikijazana usiku wa manane, ruka yote haya na usome kwanza sehemu ya "Pale hamu inapokuwa ugonjwa".

Ratiba: vigingi vitatu tu

Usibandike ukutani ratiba ya kikosi. Haidumu, na sababu yake iko wazi: kambini ratiba ilishikwa na watu wengine. Filimbi ilipigwa, mesi ilifungwa, aliyechelewa aliijua adhabu yake. Nyumbani ukichelewa hakuna kinachotokea.

Weka vigingi vitatu. Kuamka saa ileile kila siku. Kazi moja iliyokamilika kabla ya saa 4 asubuhi. Ukaguzi wa jioni wa dakika 10 ukiwa na lile daftari: nini kimekwisha, nini kimebaki, kesho naanza na nini.

Kazi ya asubuhi lazima iwe na mwisho unaoonekana, kama kufyeka kipande ulichokipima kwa hatua, kupiga plasta ukuta mmoja, au kupeleka fomu na kurudi na muhuri. "Kusimamia mafundi" haina mwisho, kwa hiyo haihesabiki.

Kila kigingi kifunge kwa mtu. Swala ya alfajiri msikitini, misa ya asubuhi, jirani wa kutembea naye, mtoto wa kupeleka shule. Mtu anayekusubiri ndiye filimbi yako mpya.

Nyumba ilikuwa na kamanda wake

Hapa ndipo wengi wanapoharibu.

Mama watoto ameiendesha nyumba miaka yote uliyokuwa Monduli, Ngerengere au Darfur. Anajua duka lipi linakopesha, mwalimu gani wa kumpigia simu, mtoto yupi hapendi kuambiwa mbele ya watu. Ukirudi na kuanza kupanga vyombo upya jikoni, hujamsaidia: umempindua. Na kama aliyestaafu ni mama, yeye ndiye anayerudi kukuta baba na dada wa kazi wana utaratibu wao. Kanuni ni ileile.

Siku 90 za kwanza usibadilishe chochote kinachohusu saa za kula, fedha za matumizi, adhabu za watoto au msaidizi wa nyumbani. Uliza swali moja: "Kazi gani hapa nyumbani inakuchosha zaidi?" Ichukue kazi hiyo yote, mwanzo hadi mwisho. Kama ni maji, basi wewe ndiye unayejua tenki limebaki na kiasi gani, unayemwita mwenye boza na unayelipa. Ukingoja kukumbushwa, bado kazi ni ya mwenzako.

Kisha sauti. Sauti ya amri imetengenezwa ivuke uwanja wa gwaride, na sebule yako ina mita nne. Anza sentensi na "naomba", kisha subiri jibu. Kambini kimya kilimaanisha amri imeeleweka. Nyumbani kimya humaanisha mtu amekasirika. Watoto hawakula kiapo, kwa hiyo kuwapigia filimbi saa 11 alfajiri, kukagua vitanda kwa rula, kuwapa adhabu ya kuruka kichura, yote hayo huzaa watoto wanaotoka nyumbani wakikusikia unaingia.

Jumapili jioni kaeni wawili dakika 15: fedha ya wiki, safari, shida za watoto. Zikiisha 15, inukeni hata kama hamjamaliza. Kikao kikirefuka, wiki inayofuata hakuna atakayekuja.

Kwa wewe uliyebaki nyumbani miaka hiyo yote: akisema anaikumbuka kambi, hajasema ameichoka nyumba. Na kama mliishi kota pamoja, basi wewe na watoto nanyi mmepoteza kambi, majirani na duka la karibu. Nanyi andikeni daftari lenu.

Mwili unaodai posho yake

Mazoezi yakikatika ghafla, usingizi na hasira huharibika kabla ya tumbo. Lakini usianze pale ulipoishia ukiwa kikosini. Pima kwanza shinikizo la damu. Likisoma 140/90 au zaidi, rudia siku nyingine, na likibaki hapo onana na daktari kabla ya kukimbia. Wenye sukari au maumivu ya kifua waende moja kwa moja.

Wiki ya 1 na ya 2: tembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Wiki ya 3 na ya 4: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 10. Wiki ya 5 na ya 6: kimbia 2, tembea 1, mara 10. Kuanzia wiki ya 7, kimbia dakika 15 mfululizo, ukiongeza dakika 2 au 3 kila wiki hadi 30. Goti likiuma na maumivu yakawapo hadi asubuhi ya pili, rudi hatua moja. Magoti yaliyobeba mizigo miaka mingi hayataki buti kwenye lami. Nunua raba zenye soli nene, na pale penye njia ya vumbi kimbilia hapo.

Sahani nayo ipungue. Ugali wa mtu aliyekuwa akichimba mahandaki haumfai anayekaa barazani.

Kama daftari lako lina W na M kwa pamoja, dawa nzuri kuliko zote kwa Dar es Salaam na miji mingine mikubwa ni vikundi vya jogging vya mitaani. Hukimbia asubuhi za mwisho wa wiki, fulana zinafanana, mbele kuna mwimbishaji, nyuma watu wanaitikia. Atakayekuambia huo si mchakamchaka hajawahi kupita kambini. Ila mwezi wa kwanza kaa katikati ya safu, uitikie tu. Mstaafu anayeingia siku ya kwanza akisahihisha hatua za watu huachwa nyuma kwa makusudi.

Watu, na kikosi ambacho hakipo tena

Unachokikumbuka si kikosi. Ni watu fulani wa mwaka fulani, na watu hao wamehamishwa, wamepandishwa vyeo, wengine wamestaafu kama wewe. Ndiyo maana hatushauri kwenda kambini "kusalimia tu" katika miezi mitatu ya kwanza. Utasimamishwa getini na kijana asiyekujua, utaandikwa kwenye kitabu cha wageni, utasubiri mtu wa kukusindikiza. Anafanya kazi yake sawasawa, lakini utarudi na donda. Nenda ukiwa na shughuli, kama hati, matibabu au mazishi, na ukimaliza ondoka.

Walio kazini pigia simu kuwajulia hali, usiwaulize ya kazini. Siri za jeshi zinaendelea kukubana ukiwa raia, nao zinawabana zaidi.

Kikundi chenu mkijenge hivi. Andika majina 12 ya waliostaafu wanaofikika kwa nauli ya daladala. Wapigie, usiwatumie ujumbe. Wakija 5 hadi 8, panatosha. Siku iwe moja isiyohama, mathalani Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa 4 asubuhi hadi saa 6. Mahali pawe nyumbani kwa mmoja wenu kwa zamu. Baa haifai, kwa sababu mwanachama asiye na hela, au aliyeacha pombe, atatafuta udhuru, na huyo ndiye aliyemhitaji mwenzake kuliko wote.

Mambo ya kikao ni matatu: nani mgonjwa au kafiwa, nani anatafuta kazi na nani ana habari ya kazi, halafu msaragambo. Hili la tatu ndilo linaloshikilia kikundi. Askari hawakujuana kwa kukaa wakitazamana, walijuana wakichimba shimo moja. Kwa hiyo leo mnamfyatulia mwenzenu tofali, mwezi ujao mnaweka uzio wa banda la mwingine. Mazungumzo magumu hutoka mdomoni mikono ikiwa na kazi.

Mkitaka mfuko wa kusaidiana, fuateni utaratibu wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa: hisa, mfuko wa jamii kando, na sanduku lenye kufuli tatu ambalo funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti. Waliowahi kushika zamu ya ghala la silaha hawahitaji kuelezwa kwa nini. Kikundi cha fedha cha kijamii husajiliwa kupitia halmashauri chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Anzeni na usajili kabla ya kuanza kukopeshana.

Vikundi hivi hufa kwa sababu zinazojulikana. Cheo kinakaa kitini: aliyekuwa meja anakuwa mwenyekiti wa maisha, waliokuwa makoplo wanaitikia na hawarudi. Dawa yake ni uenyekiti wa zamu, miezi mitatu mitatu. "Afande" ibaki kwenye salamu, kwenye kura kila mtu ana yake moja. Sababu ya pili ni mkopo wa kwanza kutolewa kwa kuoneana haya. Ya tatu ni kundi la WhatsApp kuchukua nafasi ya kikao, watu wakatumiana picha za maua kila asubuhi na hakuna aliyejua kwamba mwenzao amelazwa.

Kenya kuna DEFOCA, chama cha askari wa zamani, na tangu 2022 kuna sheria ya wanajeshi wastaafu. Anayeishi huko aanzie kuuliza DEFOCA.

Halafu tafuta mahali pamoja ambapo hakuna anayejua cheo chako: kwaya, timu ya maveterani ya mpira, kikundi cha wafugaji kuku, kijiwe cha bao. Kwenye bao utafungwa na muuza kahawa na hakuna nyota ya begani itakayokuokoa. Mwanzoni inauma.

Kazi, na mtego wa lindo

Kampuni za ulinzi ndizo humpokea mstaafu kwanza, na kwa wengine ni riziki nzuri. Mtego uko hapa: sare ipo, zamu ipo, lakini watu hawapo. Unakaa kwa muda wa saa 12 za usiku peke yako mbele ya geti. Aliyestaafu akiwa na W nyingi kwenye daftari akipewa lindo la peke yake, hamu huongezeka. Kabla ya kusaini uliza: zamu ni saa ngapi, lindo lina watu wangapi, sare na buti zinakatwa kwenye mshahara au la, siku za mapumziko ni ngapi kwa mwezi, na michango ya hifadhi ya jamii inapelekwa wapi. Kama kuna nafasi ya kusimamia zamu au kufundisha walinzi wapya, omba hiyo hata kama tofauti ya mshahara ni ndogo.

Usijiuze kama "mwanajeshi mstaafu" peke yake, maana mwajiri atasikia geti. Andika kazi kwa lugha yake. Kamanda wa seksheni amesimamia watu kumi hivi: zamu, nidhamu, vifaa, taarifa ya kila siku. Sajini wa platuni amesimamia watu thelathini. Mtunza bohari amepokea, ametoa, amejaza leja na amehesabu mali mwisho wa mwaka. Fundi magari, tabibu, mpishi wa mesi ya mamia, kila mmoja ana jina la kazi yake uraiani. Usiandike mahali pa ulinzi, aina ya silaha wala idadi ya askari wa kambi yoyote.

Ukiwa na ujuzi usio na cheti, nenda chuo cha ufundi stadi cha VETA kilicho karibu uulize kuhusu kutambuliwa kwa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa vitendo, na ukifaulu unapata cheti bila kurudia masomo yote. Madereva hakikisheni leseni ya kiraia ina daraja la magari mtakayoomba kuendesha.

Kiinua mgongo kikiingia, miezi sita usianzishe biashara usiyowahi kuifanya. Si somo letu la leo, ila tunalitaja kwa sababu wengi wanaodhani wanakumbuka kambi wanakumbuka kuishi bila kulipa kodi ya nyumba.

Kama daftari lina K nyingi na mfuko hauna shida, kazi ya kujitolea inatosha. Muone mshauri wa mgambo wa wilaya, kwani mafunzo ya jeshi la akiba yanahitaji wakufunzi. Skauti mashuleni wanahitaji mtu wa gwaride mwenye subira. Msalaba Mwekundu wanahitaji wanaojua kufunga jeraha bila kutetemeka. Saa 4 kwa wiki, siku moja isiyohama.

Sare na sanduku

Sare rudisha kwa utaratibu wa kikosi na upate saini. Ukishatoka wewe ni raia, na raia kuvaa kombati ni kosa, hata ikiwa jina lililoshonwa kifuani ni lako. Kofia ya mabaka ya kulimia shambani nayo imo humo. Yanayobaki kwako kihalali, kama nishani, vyeti na picha, weka katika sanduku moja, si ukuta mzima. Cheti cha kuachishwa utumishi toa nakala tano, zithibitishwe, na ile halisi ikae mbali na nyumbani ikiwezekana. Ukiipoteza, kuipata nyingine ni safari ndefu.

Pale hamu inapokuwa ugonjwa

Hamu ya kawaida huja na kuondoka, na ukiwa na watu hupungua. Nenda hospitali kama haya yamekuandama zaidi ya mwezi mmoja: ndoto za tukio lilelile, kushtuka kwa kila mlio, kukwepa njia au watu wanaokukumbusha jambo, pombe ili upate usingizi, hasira inayofika mikononi. Waliorudi kutoka kwenye operesheni wajue kwamba dalili zinaweza kuchelewa miezi, hata miaka. Kuficha hakukufanyi uwe komandoo.

Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili, Muhimbili na Lugalo pia, na Dodoma iko Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Usimwambie daktari "sijisikii vizuri", atakupima malaria. Sema hivi: "Nilikuwa jeshini miaka kadhaa. Napata usingizi wa saa tatu tu kila usiku tangu mwezi fulani. Naota tukio moja. Nakunywa kiasi hiki." Nenda na mke, mume au mwenzako mmoja, maana yeye huona usiyoyaona.

Mawazo ya kujiua hayasubiri mwezi. Ni siku hiyohiyo, hospitali iliyo karibu, na mtu asiachwe peke yake hata chooni. Kama nyumbani kuna bunduki ya leseni, ndugu waitoe kwanza na kuipeleka kituo cha polisi ikatunzwe. Vidonge na sumu za shambani nazo zifungiwe.

Siku za gwaride

Kuna tarehe zinazouma kuliko nyingine, nazo zinajulikana mapema, kwa hiyo hakuna sababu ya kuviziwa. Tanzania ni 26 Aprili Siku ya Muungano, 25 Julai Siku ya Mashujaa, 1 Septemba ambayo JWTZ liliundwa mwaka 1964, na 9 Desemba Siku ya Uhuru. Kenya ni 14 Oktoba Siku ya KDF na 12 Desemba Siku ya Jamhuri. Ongeza tarehe yako ya kuripoti ukuruta, na ya kufa kwa mwenzako kama yupo.

Ziandike zote kwenye kalenda ya ukutani, si ya simu, ili nyumba nzima izione. Wiki moja kabla, mpigie mmoja wa kikundi mpange mtatazamia wapi gwaride. Peke yako na runinga ndiyo hali mbaya kuliko zote, ya pili ni baa. Watoto wakiuliza kile kikosi kinachopita ni cha nani, waeleze: kwa nini mstari wa mbele haupindi, amri ya kugeuka macho kulia inatolewa mguu gani ukiwa chini. Siku ya Mashujaa vaa suti, nishani kifuani upande wa kushoto, nenda uwanjani mapema. Chukua maji na kofia ya kiraia, maana mtasimama muda mrefu na safari hii hakuna wa kuwaamuru mpumzike.